Kimo Hakitoshi: Farasi Mini na Swali la Nasaba

Mchukue farasi dume mmoja wa Marekani mwenye kimo cha sentimita 86, aliyezaliwa na wazazi wa Shetland wenye hati kamili. Kwa Klabu ya Poni wa Shetland ya Marekani, ASPC, huyo ni poni wa Shetland. Mpeleke kwenye daftari la AMHR, linaloendeshwa na klabu hiyohiyo, naye ataandikwa kuwa farasi mini. Na kwa miaka mingi mwenye farasi huyo aliweza kubisha hodi mlango wa tatu, kwenye chama cha farasi mini kiitwacho AMHA, akalipa ada, farasi akakaguliwa na kupimwa, na jina lake likaingia katika kitabu kingine kabisa. Mnyama ni yuleyule na damu ni ileile; karatasi ndizo tatu.

Ndiyo maana mjadala wa farasi mini hauishi. Maswali mawili yamefungwa pamoja kana kwamba ni moja. La kwanza: farasi huyu awe mdogo kiasi gani? La pili: je, ni kosaafu, yaani kundi lenye nasaba yake na sifa zinazorithishwa, au ni farasi yeyote aliyekaa chini ya mstari fulani? Wafugaji wengi wamejibu la kwanza wakadhani wamemaliza na la pili. Lakini kimo hupimwa kwa dakika mbili, ilhali nasaba hujengwa kwa vizazi, tena hujengwa kwa kukataa: kumkataa mnyama mzuri mwenye kimo kinachotakiwa kwa sababu tu wazazi wake hawamo kitabuni. Vyama vya farasi mini vilichelewa mno kujifunza kukataa.

Tuanze na fimbo ya kupimia. Duniani kote farasi hupimwa mabegani, pale mfupa unaponyanyuka shingo inapokutana na mgongo, kwa sababu kichwa hupanda na kushuka lakini pale pametulia. Waingereza na Wamarekani huhesabu kwa upana wa kiganja, uliowekwa kuwa inchi 4. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, linasema poni asizidi sentimita 148 bila viatu vya chuma, au 149 akiwa navyo. Juu ya hapo ni farasi. Mstari huo ni wa mashindano tu, wala haumsumbui kila mtu. Farasi wa Aisilandi wengi wako chini yake, na ukimwita mmoja wao poni, mwenyewe atakununia. Farasi wa Kaspi wa Iran, ambao Louise Firouz aliwakuta mwaka 1965 karibu na mji wa Amol, wana kimo cha kati ya mita moja na mita moja na robo hivi, nao huhesabiwa farasi kwa umbo na asili yao. Upande wa pili kuna mchezo wa polo, ambao farasi wake wote huitwa poni hata wawe wakubwa namna gani. Majina haya ni mapatano ya watu.

Kwa farasi mini mapatano yenyewe yana kituko chake. AMHA, chama kilichoanzishwa mwaka 1978, kiliweka ukomo wa inchi 34, sawa na sentimita 86, lakini hakipimi kwenye kilele cha bega. Kinapima kwenye singa za mwisho, pale nywele za shingo zinapokomea. AMHR nalo hupima hapohapo, ila lina madaraja mawili: A kwa wasiozidi inchi 34, na B kwa waliozidi hapo hadi inchi 38, yaani sentimita 96 na nusu.

Hebu tazama inavyofanyika. Farasi husimamishwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, miguu minne ikiwa wima. Fimbo yenye namba huwekwa kando, na mkono wake wa kulala, wenye kichupa cha maji cha kuonyesha usawa, huteremshwa hadi uguse ngozi mahali singa zinapoishia. Ni wapi hasa zinapoishia? Nywele moja nyembamba iliyoota nyuma kidogo inaweza kuhamisha kipimo kutoka kwenye mwinuko wa bega hadi kwenye bonde la mgongo. Kwa farasi mrefu tofauti hiyo haina maana. Kwa mnyama ambaye hatima yake inaamuliwa na nusu inchi, ina maana kubwa kuliko umbo la kichwa chake. Kisha kuna ujanja wa kibinadamu: kwato zikachongwa fupi kabla ya kipimo, farasi akafundishwa kutanua miguu au kubonyeza mgongo akiguswa na kitu cha baridi. Kanuni zinamtaka mpimaji asimamie mkao, na wapimaji hodari wapo. Lakini kipimo kinachotegemea nywele kimejiletea ugomvi chenyewe.

Adhabu ya kuvuka mstari nayo inatofautiana. Farasi wa daraja A katika AMHR akiota zaidi ya ilivyotarajiwa huhamia daraja B na maisha yanaendelea. Katika AMHA hakuna pa kuhamia. Aliyezidi inchi 34 hupoteza nafasi yake. Kwa kuwa farasi huendelea kukua kwa miaka kadhaa, hati ya mtoto huwa ya muda mpaka akomae. Mfugaji anaweza kumpenda, kumlisha, kumshindisha akiwa na mwaka mmoja, halafu akamwona anaondoka kitabuni kwa sababu ya sentimita moja. Wazazi wake wamo, ndugu zake wamo, yeye hayumo. Hapo ndipo mtu anayejua ufugaji anapoanza kuuliza. Mtoto wa ng'ombe wa Sahiwal safi aliyezaliwa mfupi kuliko ndugu zake haachi kuwa Sahiwal. Atauzwa kwa bei ya chini, hatazalishwa, lakini nasaba yake haifutwi na rula.

Historia inaeleza tulifikaje hapa. Kwa karne nyingi wafalme walitaka farasi wakubwa wa kubeba askari wenye deraya. Sheria ya Henry VIII wa Uingereza ya mwaka 1540 ilikataza madume ya chini ya viganja 15, yaani kama sentimita 152, kuachwa yachunge kwenye malisho ya umma katika maeneo kadhaa, na ikataka majike na watoto wasio na matumaini ya kuzaa farasi wa maana wauawe. Farasi wadogo walisalia mahali ambapo mkono wa sheria na majani mengi havikufika: milimani, kwenye vinamasi, visiwani. Visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, ni mfano mkubwa. Baridi, upepo na uhaba wa malisho vilimchuja mnyama mfupi, mnene, mwenye nguvu kupita umbo lake.

Kisha Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya migodi ya mwaka 1842, iliyowapiga marufuku wanawake na wasichana wote, pamoja na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Makaa ya mawe yalihitaji kuvutwa na njia zilikuwa fupi na nyembamba. Poni wa Shetland akashushwa mgodini. Wenye migodi wakatafuta mnyama mfupi mwenye mifupa minene, na mmoja wao, Lord Londonderry, akaanzisha uzalishaji wa namna hiyo katika visiwa vya Bressay na Noss. Ufupi ukawa na bei, na bei hiyo ilitokana na kazi. Mwaka 1890 ikaundwa jumuiya ya kitabu cha nasaba cha poni wa Shetland. Ukomo wake ni inchi 42, sentimita 107, kwa mnyama aliyekomaa. Ndani ya kitabu hichohicho wamo wale wa inchi 34 kushuka chini, wanaoitwa Shetland mini, na hawahesabiwi kosaafu nyingine. Ni Shetland waliotoka wafupi, basi. Nauona huo ni uamuzi wa busara kuliko yote katika sakata hili: nasaba moja, vimo viwili, kitabu kimoja.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Klabu ya ASPC, ya tangu 1888, ilimruhusu Shetland wake kupanda hadi inchi 46, akawa mrefu na mwembamba. Wale wafupi waliobaki pembeni, pamoja na poni wa migodini, wa sarakasi na wa kila asili, wakafunguliwa daftari lao mwanzoni mwa miaka ya 1970: hilo ndilo AMHR. AMHA ikafuata mwaka 1978. Kigezo chake cha kuingia kilikuwa kimo kwanza. Farasi mkomavu aliletwa, akapimwa, akakaguliwa, akaingia. Chama kilitangaza kufunga kitabu mwishoni mwa mwaka 1987, lakini mlango wa dharura wa kuingiza wakubwa kwa ada kubwa ulibaki wazi kwa miaka mingi baadaye. Mtetezi wa chama atasema kila kosaafu huanza hivyo, na hakosei. Ng'ombe wa Mpwapwa, fahari ya utafiti wa mifugo Tanzania, alitengenezwa kwa kuchanganya Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, zebu wa kienyeji, Boran na damu kidogo ya Ulaya. Lakini mchanganyiko ule ulikuwa na lengo la maziwa na nyama katika nchi kavu, na ulifika mahali ukasimama, kundi likazalishwa ndani kwa ndani. Kitabu kisichokwisha kufunguliwa hakifiki hapo.

Nani basi ana mamlaka ya kutamka kwamba kosaafu imezaliwa? Jibu linategemea umesimama nchi gani. Marekani hakuna ofisi ya serikali inayomlazimisha mfugaji athibitishe. Watu wakikutana, wakaandika katiba na kufungua daftari, wana kosaafu. Soko ndilo litakalowaamini au kuwapuuza. Umoja wa Ulaya una kanuni, ya sasa ikiwa ile namba 1012 ya mwaka 2016: chama cha uzalishaji lazima kitambuliwe na mamlaka, na kwa farasi kuna kitabu cha asili, kitabu mama, ambacho misingi yake vitabu vya nchi nyingine hufuata. Kwa Shetland kitabu mama kiko Scotland. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lina tafsiri pana zaidi. Kwake kosaafu inaweza kuwa kundi lenye sifa za nje zinazolitofautisha na mengine, au kundi ambalo kutengwa kwake kijiografia au kiutamaduni kumefanya likubalike kuwa na utambulisho wake. Kwa kipimo cha FAO farasi mini wa Marekani anapita bila shida, kwa kuwa maelfu ya watu wanamkubali. Kwa kipimo cha damu, hadithi ina mikunjo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013, uliolinganisha makundi 36 ya farasi duniani, ulimkuta farasi mini amekaa jirani kabisa na Shetland. Hakuna aliyeshangaa.

Afrika ina ushahidi wake, nao haujulikani sana. Huko Lindley, Afrika Kusini, mfugaji Wynand de Wet alianza kuzalisha farasi wadogo mwaka 1945. Wengine walimfuata, na baadhi yao wakatia damu ya farasi wa Kiarabu ili kupata kichwa kizuri na shingo ndefu. Mwaka 1984 wakaunda chama chao kwa nia iliyo wazi: farasi mini atambuliwe kuwa kosaafu inayojitegemea. Walifanikiwa mwaka 1989. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40 tangu kazi ianze Lindley. Kwangu huo ndio mwendo unaofaa. Watu walizalisha kwanza, wakaomba jina baadaye.

Argentina ilitangulia wote. Uzao wa Falabella ulianzia katikati ya karne ya 19 kwa Patrick Newtall, Mwirlandi aliyeishi kusini ya Buenos Aires, ukarithiwa na familia ya mkwewe, na katika miaka ya 1940 Julio César Falabella akaupa rejesta rasmi. Ukomo wa kimo upo, lakini kinachomtambulisha Falabella ni asili: damu inarudi kwenye mashamba ya familia ile. Tofauti yake na mini wa Marekani inaonekana kwenye mwelekeo wa mlango. Falabella mwenye kimo kinachofaa amewahi kuandikwa kwenye vitabu vya farasi mini vya Marekani. Mini wa Marekani, hata awe mdogo na mzuri kuliko Falabella yeyote, hawezi kugeuzwa Falabella.

Sasa tufike pale ninapoona tatizo lenyewe lilipo. Kigezo cha umbo cha AMHA kinataka mnyama anayelingana viungo, ambaye picha yake isiyo na kitu cha kulinganisha ingekudanganya ukadhani ni farasi mkubwa. Hilo ni lengo zuri, tena gumu. Lakini kigezo hichohicho kinasema lengo la kosaafu ni farasi mkamilifu aliye mdogo kadiri inavyowezekana, na kwamba sifa nyingine zikikaribiana, mwamuzi ampendelee aliye mfupi zaidi. Mstari wa inchi 34 hapo unaacha kuwa dari. Unakuwa mteremko, na kila mfugaji anayetaka utepe wa ushindi anasukumwa kushuka nao.

Mteremko huo una shimo chini yake. Ufupi wa kawaida wa farasi unatokana na jeni kadhaa zinazopunguza mwili wote kwa uwiano; watafiti walionyesha mwaka 2012 kwamba maeneo manne tu ya vinasaba yanaeleza sehemu kubwa ya tofauti za ukubwa kati ya farasi, na baadaye likapatikana badiliko katika jeni ya HMGA2 linalowafanya Shetland kuwa wafupi. Ubete ni jambo jingine. Ni ugonjwa wa gegedu, ile tishu laini ambayo mifupa hukulia kwayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walichapisha mwaka 2018 mabadiliko manne katika jeni ya ACAN yanayouleta kwa farasi mini. Mnyama mwenye nakala moja mbovu huonekana mzima. Akikutana na mwenzake wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbovu mbili. Baadhi ya michanganyiko huharibu mimba kabla ya wakati. Mingine humleta mtoto mwenye paji lililotuna, taya la chini lililotokeza hata meno hayakutani, miguu mifupi iliyopinda na tumbo kubwa, na mara nyingi mwenye shida ya kupumua.

Vyama vyote vikubwa vinamkataa kibete. Lakini katika miongo ya mwanzo wapo waliomtumia kushusha kimo, na jeni fiche haiondoki kwa sababu mnyama ameondolewa uwanjani. Hata farasi mini asiye na ubete hulipa gharama ya udogo: meno yaliyobanana katika taya dogo, uzazi mgumu kwa majike, na mafuta kujaa kwenye damu anapokosa chakula kwa siku chache tu. Na umma unaosherehekea udogo hausaidii. Kitabu cha Guinness kilimtukuza Thumbelina wa Missouri, aliyezaliwa mwaka 2001 na kufikia sentimita 44 na nusu. Alipendwa dunia nzima, akafa mwaka 2018. Alikuwa kibete. Farasi mdogo kuliko wote duniani hakuwa na sifa za kusimama mbele ya mwamuzi wa farasi mini.

Sheria za nchi, kwa upande wake, zimemtazama mnyama huyu bila kujali kitabu chochote. Tangu Machi 2011 kanuni za Marekani kuhusu watu wenye ulemavu zinataka maofisi na maduka yamfikirie farasi mini aliyefunzwa kumwongoza au kumsaidia mtu, mahali ambapo mnyama mwingine pekee anayetajwa ni mbwa. Maelezo yake yanamkadiria kuwa wa inchi 24 hadi 34 mabegani na uzito wa ratili 70 hadi 100, yaani kilo 32 hadi 45. Wenye jengo wanaruhusiwa kupima kama mahali panamtosha, kama amefundishwa kutochafua, kama anatawalika na kama usalama hauathiriki. Hati ya nasaba haiulizwi. Kwenye ndege mambo yalikwenda kinyume: kanuni za Wizara ya Uchukuzi za mwishoni mwa 2020 zilibakiza mbwa peke yake. Kwa asiyeona anayetaka kiongozi atakayeishi miaka 25 au 30, mara mbili ya mbwa, kimo na tabia ndivyo vitu muhimu, na kanuni zile za 2011 zilielewa hivyo.

Kwa hiyo, je, farasi mini ni kosaafu? Falabella ndiyo. Wa Afrika Kusini ndiyo, kwa uamuzi wa nchi yake. Shetland mini hapana, na hahitaji, kwa kuwa tayari ni Shetland. Wa Marekani yuko njiani, na atafika siku ambayo mtoto wa wazazi walio kitabuni atabaki kitabuni hata akizidi kimo, akinyimwa mashindano lakini asinyimwe ukoo, na asiye na wazazi kitabuni atakataliwa hata awe na sentimita 80. Kabla ya hapo kuna kazi ndogo inayoweza kufanywa na mkutano mmoja wa wanachama: kuifuta ile kanuni inayompendelea mfupi zaidi, kuhamisha fimbo kutoka kwenye nywele kwenda kwenye mfupa wa bega, na kuandika majibu ya kipimo cha ACAN kwenye hati ya kila farasi wa kuzalisha. Kipimo kipo, na singa chache zenye mizizi yake zinatosha kukifanya. Na wewe msomaji uliye Johannesburg, Muscat au Minneapolis, ukionyeshwa mtoto wa farasi mini anayeuzwa kwa bei kubwa kwa sababu ni mdogo kuliko wenzake, omba kwanza majibu ya ACAN ya baba na mama yake. Muuzaji akikosa kuyatoa, usinunue.